Tom Bradley: Askari Polisi Aliyekuwa Diwani na Meya

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mtu aliyepata kulima pamba katika shamba la mwingine, na hesabu ya mavuno ikawa mikononi mwa mwenye shamba peke yake, hahitaji kufundishwa maana ya kukosa mkaguzi. Katika hali hiyo alizaliwa Thomas Bradley, tarehe 29 Desemba 1917, karibu na mji mdogo wa Calvert, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Babu yake alikuwa mtumwa. Wazazi wake walikuwa huru kwa sheria, lakini walilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi. Kwa desturi ya kilimo cha namna hiyo, mkulima alipewa mahitaji yake kwa mkopo, na mwisho wa msimu mwenye shamba ndiye aliyepima, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyetamka nani anamdai nani. Mwaka 1924 familia hiyo ilikuwa imekwisha hamia Los Angeles, jimbo la California. Baba akapata kazi ya upagazi katika reli, na mama akawa mtumishi wa nyumbani.

Kijana Bradley alikuwa na miguu myepesi, na mbio zake zilimpatia nafasi katika Chuo Kikuu cha California mjini humo mwaka 1937. Mwaka 1940 aliacha masomo kabla ya kuhitimu, akajiunga na jeshi la polisi la jiji. Kwa mtoto wa mpagazi, mshahara wa uhakika wa kila mwezi haukuwa jambo dogo.

Huko polisi alikuta mambo yamepangwa kwa rangi. Askari weusi walipelekwa ama kwenye kituo cha mtaa wa Newton, penye makazi ya weusi wenzao, ama kuongoza magari katikati ya mji. Na askari mweusi hakupangwa doria katika gari moja na mwenzake mweupe. Hata nje ya kazi mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1950 yeye na mkewe, Ethel, walipotaka nyumba katika mtaa wa weupe, ilibidi wamtumie mzungu awe mnunuzi wa mbele. Yeye mlinzi wa sheria hakuweza kununua nyumba kwa jina lake mwenyewe! Hata hivyo alivumilia kwa miaka 21, akafikia cheo cha Luteni, ambacho hakuna mtu mweusi aliyekipita katika jeshi hilo wakati huo. Jioni alisoma sheria, na mwaka 1956 akafaulu mtihani wa uwakili. Mwaka 1961 alistaafu upolisi.

Mwaka huo huo kiti cha udiwani cha kata ya 10 kilikuwa wazi. Wakazi walipeleka maombi ya maandishi kwamba Bradley ateuliwe. Baraza la jiji likamteua mtu mwingine. Bradley hakususa. Alisubiri uchaguzi wa mwaka 1963, akasimama dhidi ya mteule yule, akamshinda, katika kata ambayo weusi hawakuwa walio wengi. Akawa miongoni mwa weusi wa kwanza kabisa kuingia katika baraza hilo lenye madiwani 15.

Hapo ndipo upolisi wake wa zamani ulipoanza kuwa na kazi ya pili. Agosti 1965 mtaa wa Watts uliwaka kwa ghasia, na watu 34 walikufa.  Bradley aliyajua mambo ya ndani ya vituo, naye alimhoji mkuu wa polisi hadharani. Jambo hilo lilimgharimu. Mwaka 1969 alipogombea umeya aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 42 dhidi ya 26 za meya aliyekuwapo, Sam Yorty. Lakini katika duru ya pili Yorty aliwatia wapiga kura hofu kwamba huyu ni adui wa polisi. Mtu aliyevaa sare kwa miaka 21! Maneno hayo yakashika, Bradley akashindwa. Mwaka 1973 walikutana tena wao wawili, na safari hii Bradley alipata asilimia 56, katika jiji ambalo weusi hawakufikia hata moja ya tano ya wakazi.

Alikaa katika kiti hicho miaka 20. Katika kazi zake nyingi, ile ya kuwavutia watu wa ushirika ni Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984. Mji wa Montreal ulikuwa umeachiwa deni kubwa na michezo ya mwaka 1976, na Bradley hakukubali mkataba wa kulitwika jiji lake hasara. Michezo iliendeshwa kwa fedha za watu binafsi na makampuni, ikaleta ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na sehemu ya ziada hiyo ikabaki kusini mwa California kwa michezo ya vijana.

Lakini mtu huyu aliyelinda hazina kwa ukali namna hiyo alikuja kuteleza kwa fedha kidogo. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba mwaka uliotangulia alilipwa dola 18,000 na benki moja kwa kazi ya ushauri, na kwamba fedha za jiji, dola milioni 2, ziliwekwa katika benki hiyo hiyo baada ya Meya kumpigia simu mweka hazina. Fedha alizirudisha, na alikiri hadharani kwamba alikosea. Mwanasheria wa jiji hakumfungulia mashtaka ya jinai, ila Bradley alilipa dola 20,000 kumaliza shauri la kutotangaza baadhi ya mali zake. Katibu yeyote anayejua taratibu ataona kwamba shida haikuwa wingi wa fedha. Simu ya mkubwa haiandikwi katika muhtasari, na mweka hazina aliyeipokea hawezi kuiweka katika faili. Mwaka 1990 wananchi walipiga kura kuunda tume ya maadili ya jiji.

Lililobaki ni la polisi. Katika miaka ya 1930, jiji lilipokuwa na viongozi wala rushwa, mkuu wa polisi aliwekewa kinga ya utumishi ili wanasiasa wasimchezee. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mkuu huyo alikaa bila kikomo, na meya hakuweza kumwondoa. Daryl Gates alishika nafasi hiyo mwaka 1978. Yeye na Bradley hawakupatana, hata ukapita zaidi ya mwaka mzima bila kuzungumza, ofisi zao zikiwa katika jiji moja.

Tarehe 3 Machi 1991 askari walimpiga vibaya raia mweusi, Rodney King, na mkazi mmoja akayanasa yote kwa kamera ya video. Bradley alimtaka Gates ajiuzulu, Gates akakataa. Tume ya polisi ilimpa likizo ya lazima, na baraza la jiji likamrudisha kazini baada ya siku chache. Bradley pia aliunda tume ya uchunguzi chini ya Warren Christopher, nayo Julai mwaka huo ikapendekeza mkuu wa polisi awe na vipindi viwili tu, kila kimoja cha miaka mitano. Kabla pendekezo halijapigiwa kura, tarehe 29 Aprili 1992 askari walioshtakiwa waliachiwa, jiji likawaka tena, na zaidi ya watu 50 wakafa.

Juni 1992 wapiga kura walipitisha badiliko hilo la katiba ya jiji. Gates aliondoka, akaingia Willie Williams, mkuu wa kwanza mweusi. Bradley hakugombea tena mwaka 1993.

Mwaka 1997 kipindi cha Williams kilimalizika. Tume ya polisi ilipima kazi yake, ikakataa kumwongezea kipindi cha pili, naye akaondoka kwa utaratibu ule ule uliowekwa mwaka 1992. Bradley alikuwa hai, lakini kiharusi cha mwaka 1996 kilikuwa kimemnyang'anya usemi. Alifariki tarehe 29 Septemba 1998, akiwa na umri wa miaka 80.