Upepo Uwe na Fungu Lake: Mizigo ya Paa Kwenye Kompyuta

Mazungumzo kwa mafundi na wenye mabanda ya ufuoni, Munje



Upepo wa kusi ukishika, paa la mabati haliporomoki, linang'oka. Mhandisi hana budi kuieleza kompyuta jambo hilo, kwani kompyuta haijui bahari iko wapi.

Programu ya kukokotoa majengo hupokea mizigo kwa mafungu. Fungu la kwanza ni uzito wa kudumu: mbao, mabati, misumari. Hapo kuna mtego, kwa sababu programu nyingi zaweza kujiongezea uzito wa muundo wenyewe, na asiyekagua huuhesabu mara mbili au asiuhesabu kabisa. Fungu la pili ni watu wanaopanda kukarabati. La tatu ni upepo, nao huingizwa kwa kila upande unakotoka, maana kusi na kaskazi havipigi ubavu mmoja.

Chukua mfano wa banda la samaki lililo wazi pande zote. Paa lina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, mafundi wanakadiriwa kilo 60, na upepo unavuta juu kilo 60. Aliyetia vyote katika fungu moja atapata 25 na 60, kutoa 60: kilo 25 zikisukuma chini. Karatasi inapendeza, upepo umetoweka! Lakini ni fundi gani hukaa juu ya bati siku ya tufani?

Hesabu ya hali mbaya humwondoa fundi. Uzito wa paa haukuzwi, maana hapa ndio unaosaidia. Upepo huzidishwa kwa 1.5, kama viwango vya Eurocode vinavyotaka. Ni 25 kutoa 90: kilo 65 zikivuta juu. Kenchi ya mita 6, zikipangwa kila mita 1.2, hubeba mita 7.2 za mraba. Kila mwisho wake huvutwa kwa zaidi ya kilo 230. Misumari miwili iliyopigiliwa kwa mshazari si ya kutegemewa hapo. Panahitajika mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye linta na kushuka na nguzo hadi kwenye msingi wenye uzito wa kutosha.

Mwenye banda akiletewa hesabu, amwombe mhandisi amwonyeshe ukurasa wa upepo unaovuta juu, na mkanda uliochorwa kwa ajili yake.