Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Kayanga

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, viongozi wa dini, waganga na wauguzi, wazee wangu wa Karagwe, nanyi ndugu zetu wa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa humu humu mwaka 2012: nawasalimu kwa taadhima katika tarehe hii ya 24 Machi, ambayo mwaka 1882 Robert Koch aliwatangazia wataalamu wenziwe mjini Berlin kwamba amekigundua kijidudu kiletacho maradhi haya.

Dawa tunazo, na hutolewa bure. Taklifu ni ile miezi 6: miwili ya mwanzo kwa dawa nne, na minne iliyobaki kwa dawa mbili. Hapo katikati ndipo aghalabu mgonjwa hutupotea, si kwa ukaidi kama tudhanivyo, bali kwa sababu ya nafuu yenyewe. Maana homa imekatika, jasho la usiku limekauka, mwili umerudi, kahawa imeiva shambani, na mtu aliyeletwa kwa machela sasa aona ni dhuluma kuitwa mgonjwa. Hakuelezwa, au alielezwa kwa haraka mno, kwamba vijidudu vilivyosalia vimejificha tu, na kwamba vikiamka vyaweza kuwa sugu, visisikie tena dawa zile za kwanza.

Wako pia wakwamishwao na nauli ya pikipiki kutoka Murongo mpakani, na walevi wa rubisi, na wenye njaa, kwani mwili unaopona hudai chakula ambacho nyumba haina. Lakini lililo zito kupita hayo, kwa maoni yangu, ni fedheha. Tangu Ukimwi ulipobainika Kagera mwaka 1983, mwenye kukohoa hutazamwa kwa dhana, naye huficha vidonge vyake chini ya godoro, ameze kwa siri, kisha asimeze kabisa.

Mwaka 2006 nchi yetu ilianza kumpa mgonjwa hiari ya kumezea dawa nyumbani, mbele ya msaidizi amwaminiye. Msaidizi huyo ni mke, ni mume, ni jirani. Ni ninyi mlioketi hapa. Basi nawasihi: mwezi wa tatu, atakapowaambia kwamba amekwisha kupona, msimpongeze mkaondoka. Mpelekeeni sahani ya ndizi na maharage, mketi naye, msinyanyuke mpaka amemeza.