Kapeti ya Gari Ikilowa Maji

Ndugu zangu wa vikundi, leo tuongee juu ya gari. Mkiwa na Probox ya kikundi, ile ya kupeleka samaki na mahindi sokoni Busia, masika yakianza sakafu inalowa. Mnapangusa kapeti juu juu, inakauka, halafu baada ya siku tatu uvundo umerudi. Kwa nini? Chini ya kapeti kuna sponji nene. Hiyo hunywa maji kama godoro, na bati lililo chini yake linaliwa na kutu ninyi hamwoni.

Kwanza tafuteni maji yanakotoka: mpira wa mlango umechakaa, au majani yameziba tundu chini ya kioo cha mbele. Maji yakinata na kunukia utamu, hayo ni ya hita, si ya mvua, muoneni fundi. Kisha ondoeni waya wa betri, maana chini ya viti hupita nyaya, mfungue viti, mtoe kapeti pamoja na sponji. Kamueni, anikeni juani, mkigeuza. Siku moja haitoshi.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonileta. Mvua ikikataa kuacha, mtu asitie jiko la makaa ndani ya gari na kufunga milango ati kapeti ikauke. Makaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu haamki tena. Akina mama mnaouza chai Malaba, waambieni na madereva wanaolala ndani ya malori wakingoja kuvuka. Sponji anikeni barazani, upepo upite.