Gia ya Kuteremkia Bondeni

Leo tunazungumza na dereva anayetoka Sumbawanga kuelekea Kaoze. Juu, uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Chini bondeni, Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi. Tofauti hiyo ya kimo unaishuka kwenye kona za ukingo wa bonde, pengine na Fuso iliyosheheni.

Ndani ya gia boksi kuna gia zenye meno mengi na zenye meno machache. Kwenye gia ya kwanza injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja: nguvu tele, mwendo mdogo. Gia kubwa ni kinyume chake. Klachi hutenganisha injini na gia boksi kwa muda ili ubadilishe bila meno kusagana.

Sasa mteremko. Ukiwa kwenye gia ndogo na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, nayo inagoma. Mgomo huo ndio unaokushikia gari. Wapo wanaoweka nyutro wakidhani wanaokoa mafuta; hapo umebakiwa na breki peke yake, ikipata moto mpaka inanuka, halafu unakanyaga na gari halishikiki.

Basi ingiza gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza. Gari likishachanganya, kuirudisha gia chini ni kazi, na ikigoma kuingia utajikuta nyutro bila kutaka.