Foleni, Muhuri na Dawa: Kufundisha Uboreshaji wa Michakato kwa Visa vya Huduma za Afya

Uboreshaji wa michakato ni taaluma ya kuuliza kazi inapita wapi, inakwama wapi, na nani anaisubiri. Ilikulia viwandani, hasa Toyota nchini Japani, lakini ina historia yake pia katika hospitali za Tanzania. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia kaizen, mbinu ya maboresho madogo yasiyokoma, kwa msaada wa Wajapani na kwa mfano uliotoka Sri Lanka. Baadaye Wizara ya Afya ikaieneza kwingineko. Maneno matano ya 5S, hatua yake ya kwanza, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, hukaririwa kwa dakika chache. Kuuona mchakato wenyewe ni kazi nyingine, na hiyo hufundishwa kwa kisa.

Mbinga, mkoani Ruvuma, na ufuko wa Ziwa Nyasa, uliokuwa sehemu ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kujenga visa hivyo. Milimani wapo wakulima wa kahawa wa Umatengo. Ufukoni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wapo wavuvi. Fomu za zahanati ni zilezile pande zote mbili, lakini foleni hazifanani.

Kisa kimoja cha kutungwa, chenye takwimu za zoezi tu, kinaweza kuwa hiki. Mama anafika kituo cha afya cha ufukoni saa moja na nusu asubuhi, amembeba mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Anaandikishwa mapokezi katika kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Anapelekwa dirisha la malipo, ingawa mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, kwa kuwa karatasi lazima igongwe muhuri wa msamaha. Tabibu anaagiza kipimo cha malaria. Mama anakwenda maabara, anapewa majibu, anarudi kwa tabibu na kuanza foleni upya, kisha dirisha la dawa. Anatoka saa tano na nusu. Katika dakika hizo 240, alizohudumiwa ni 40: mapokezi 4, muhuri 1, tabibu 6, kipimo 20, tabibu tena 4, dawa 5. Dakika 200 zilizobaki ni za benchi.

Wanafunzi wengi hukimbilia kuomba watumishi zaidi au mabenchi zaidi. Hapo ndipo hesabu aliyoithibitisha John Little wa Marekani mwaka 1961 inapofaa: wastani wa watu waliomo ni kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kukaa. Wakiingia wagonjwa 12 kwa saa, na kila mmoja akikaa saa 4, kituoni kuna watu 48 kwa wastani. Mabenchi yatawakalisha wote, lakini hayatampunguza hata mmoja. Kinachopunguza ni kugonga muhuri palepale mapokezi, na kumwezesha muuguzi kufanya kipimo cha haraka mara baada ya kupima joto, ili majibu yaive mgonjwa akiwa bado anasubiri tabibu na amwone mara moja tu. Muda ukishuka hadi saa 2, waliomo ni 24. Kisa kisisahau mtoto anayedegedeka au asiyeweza kunyonya: huyo haingii foleni kabisa, na mpango usiomwona ni mpango mbovu hata kama dakika zake zinapendeza.

Kisa kisiishie hapo, maana dirisha la dawa linaweza kuwa tupu. Mfano halisi upo. Kati ya mwaka 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, katika vituo 129. Kila wiki kituo kilitumiwa ujumbe wa simu kuulizwa kimebakiza dawa kiasi gani za malaria. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Mwanafunzi aulizwe: pale ambapo kituo kimoja kimeishiwa na jirani yake ana akiba, tatizo ni dawa au ni habari? Taarifa ya kila robo mwaka huonyesha pengo wakati wagonjwa wameshaondoka mikono mitupu. Ya kila wiki humpa mganga mkuu wa wilaya nafasi ya kuhamisha makasha.

Kisa hichohicho kikipandishwa Umatengo, jibu hubadilika. Msimu wa kuchuma kahawa, familia zinaweza kuahirisha matibabu hadi kazi ipungue, na siku ya kliniki iliyopangwa kwa kalenda ya ofisi inaweza kugongana na siku ya mnada. Masika, njia za vijijini zikiharibika, rufaa ya mjamzito inahitaji mchakato unaoanza nyumbani kwake, si langoni mwa hospitali.

Kwa hiyo kisa kigawiwe kwa sehemu. Ya kwanza itoe njia ya mgonjwa na saa zake, bila kutaja tatizo. Ya pili, itolewe baada ya wanafunzi kupendekeza, ionyeshe matokeo ya miezi mitatu: foleni ya tabibu imefupika, ya dirisha la dawa imerefuka. Alama nyingi ziende kwa anayeonyesha kwa nini imehamia huko, na atapima nini kabla ya kugusa chochote tena.