Nuru ya Vilima na Nuru ya Msitu: Mada kwa Wanaoanza Kupiga Picha Masisi na Walikale



Utangulizi

Mwanafunzi anayeshika kamera ya dijitali kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani kwamba uzuri wa picha watokana na thamani ya chombo. Lakini rai yangu, ambayo nataraji kuibainisha kwa mifano ya Masisi na Walikale, huku kwetu Kongo ya mashariki, ni kwamba picha ni nuru, na asiyeijua nuru ya mahali pake hatafaulu, hata akikabidhiwa chombo ghali kuliko vyote.

Masisi: nuru iliyozidi

Katika malisho ya Masisi, ambako ukungu wa asubuhi hulala mabondeni na mbingu kuwa nyeupe pe, kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera huhadaika, kwani hupima kwa wastani, na kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, hata mchungaji aliyesimama mbele ya ng'ombe wake akatoka kama kivuli kisicho na uso. Dawa yake ni nyepesi: kisogeze kipimo chenye alama za kujumlisha na kutoa mpaka +1, au ujongee upande hata kilima, wala si mbingu, kiwe nyuma ya mtu wako. Tena, kwa kuwa tu jirani na ikweta, jua hupanda upesi na nuru laini haidumu. Basi mwenye kutaka picha ya vilima na awe amekwisha kusimama mahali pake kabla ya saa kumi na mbili alfajiri.

Walikale: nuru iliyopungua

Ukiteremka magharibi hadi Walikale, mambo hugeuka, kwani majani ya msitu hufunika mbingu, na kamera, ikitafuta nuru, huacha mlango wake wazi kwa muda mrefu, na mtikisiko mdogo wa mkono ukaivuruga picha. Hapo panua tundu la lenzi, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuihisi nuru, hadi 1600, usiruhusu kasi ya mlango ishuke chini ya 1/60 ya sekunde, na uegemee mti. Maana picha yenye chembechembe za ISO kubwa ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Amana ya mpiga picha

Zaidi ya kuijua nuru, mpiga picha hubeba amana ya wale anaowaonyesha. Mwaka 2013, katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Richard Mosse wa Ireland aliwaonyesha walimwengu Kongo ya mashariki kwa filamu ya kijeshi ya zamani, iliyogeuza majani mabichi kuwa rangi ya waridi. Kazi ile ilisifiwa, nami siikashifu. Ila nasema kwamba kijani chenyewe, na nyuso za watu wake katika siku ya soko, ya mavuno na ya harusi, ni haki ya wenyeji kuvionyesha. Na haki huandamana na wajibu: mtu aliyekimbia vita aombwe idhini kabla ya kupigwa picha, na mtoto aombewe kwa mzazi au mlezi wake, kwa kuwa uso wa mtu ni heshima yake.

Tamati

Nawasihi, basi, kila mmoja wenu achague mahali pamoja karibu na nyumbani kwake, apapige picha alfajiri, adhuhuri na magharibi kwa muda wa juma zima, kisha azilinganishe. Nuru yenyewe itamfundisha yaliyosalia.