Mwituni Uonekane, Usikike

Ndugu zangu wa Kalengera, baba na mama, leo nataka kusema nanyi habari ya kwenda mwituni wakati wa kuwinda.

Siku moja nalikuwa nikikata fito asubuhi na mapema, ukungu ungali chini. Nalivaa koti la rangi ya majani makavu, nami nimeinama. Mwindaji akaona majani yakitikisika, akainua mkuki. Nikakohoa. Kikohozi kile ndicho kilichoniponya. Yule mtu alitetemeka kuliko mimi.

Basi, shikeni maneno haya.

Kwanza: usiende peke yako, wala alfajiri, wala jioni. Waambie wa nyumbani njia utakayopita.

Pili: jifunge kitambaa chekundu kichwani. Mama, funga kingine juu ya mzigo wa kuni, maana mzigo humficha mtu.

Tatu: semeni kwa sauti, imbeni. Nyati naye akikutwa ghafula ni hatari. Mbwa avae kengele.

Nne, wewe mwindaji: usitupe mkuki wala usipige bunduki kwa sababu umesikia kitu tu. Umwone nyama mzima kwanza, na kilicho nyuma yake.

Tena, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 kwa jina la Parc Albert, kuwinda kumekatazwa kabisa. Msivuke mpaka wake.

Nyama akikukimbia leo, kesho utamwona mwingine. Lakini mtu akifa, nani atamrudisha kwa watoto wake?